Chupa Yenye Uzi Mwekundu

Petaluma, 12 Agosti 1996

Bwana Gualdoni,

Salamu. Mimi ni Norma Salvetti. Huenda ukalikumbuka jina la ukoo kuliko langu, maana nilikuwa na miaka minane tulipohama Dry Creek. Baba yangu ni Tullio Salvetti, aliyekufanyia kazi miaka kumi na minne katika kiwanda chako cha mvinyo, na akafia humo.

Sasa mimi ni mwalimu. Mimi na wenzangu tunaandaa kijitabu cha wazee waliotengeneza mvinyo wa zabibu za Zinfandel kabla haujawa na jina kubwa, kitoke kabla ya Krismasi. Tuligawana wazee, nami nikakuomba wewe. Hakuna aliyenisukuma.

Haya ndiyo maswali. La kwanza, nani alipanda mizabibu yenu, na iliponaje ile miaka ambayo pombe ilipigwa marufuku? La pili, kwa nini mstari mmoja una zabibu za aina nne tano, na unazitambuaje? La tatu, Zinfandel ina tabia gani ambayo vijana wanaichukulia kimzaha? La nne, kwa nini chupa zako zina picha ya mshumaa? La tano, unasemaje kuhusu ule mvinyo wa rangi ya waridi, mtamu, ambao watu wanaucheka lakini wanaununua? La sita na la saba ni mavuno yako mabaya kuliko yote na mazuri kuliko yote. La nane, ungeanza upya leo, ungebadilisha nini?

La tisa: siku baba yangu alipoingia tangini, alikuwa amelewa?

Hili la tisa si la kijitabu, ni la mama yangu. Mama yupo, ana miaka sabini na sita, tunaishi pamoja. Moyo wake umechoka, na daktari ameacha kumpa miadi ya mbali. Anataka kujua kabla hajaondoka, na mimi nataka ajue. Ukijibu hilo moja na kuyaacha yale manane, nitashukuru vilevile.

Norma Salvetti


Dry Creek, 20 Agosti 1996

Norma,

Umeanza lini kuniita Bwana Gualdoni? Zamani ulikuwa ukiniita mjomba, na siku ya ubatizo wa binamu yako ulinikojolea suruali yangu moja tu ya maana. Nilikaa kanisani nimefunika magoti kwa kofia. Mkumbushe mama yako Ines, atacheka.

Nakujibu kwa kalamu kwa sababu mpwa wangu Gino ana kompyuta na sitaki asome.

Mizabibu aliipanda babu mwaka wa 1889. Pombe ilipopigwa marufuku tulipakia zabibu kwenye treni, zikaenda kwa Waitalia wa mijini waliokuwa wakikamulia kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao. Serikali iliruhusu kila nyumba kidogo, na kila nyumba ilikuwa na kipimo chake cha kidogo. Padri wetu naye aliongeza misa, maana mvinyo wa misa haukukatazwa.

Kuhusu kuchanganya: babu alipanda Zinfandel, halafu hapa na pale akachomeka zabibu nyeusi za kutia rangi, na nyingine za kutia ukali. Hakuandika popote. Mimi nilifundishwa kwa kutembea. Shina la kumi na mbili kutoka kwenye mti wa mwaloni si Zinfandel, ukilipogoa kama Zinfandel linanuna mwaka mzima. Gino anataka kuchora ramani. Nimemwambia atembee kwanza.

Swali lako la tatu ni la mtu anayejua kuuliza. Kichala kimoja cha Zinfandel kina punje mbichi, punje zilizoiva na punje zilizokauka, zote zimebanana. Siku ya kusaga unapima sukari, kipimo kinakupa ishirini na tatu, unafurahi. Zile punje kavu zimekaa kimya tu. Zikishalowa siku mbili zinaachia sukari yao, na sasa una ishirini na sita. Mwishoni unadhani mvinyo umemaliza kuchemka, unautoa, kumbe chini kwenye makapi kazi bado inaendelea. Vijana wa chuo hawaamini mpaka yawakute. Sisi tulikuwa tukiweka sikio kwenye mbao za tangi na kusikiliza. Baba yako alikuwa na sikio kutushinda sote.

Mshumaa ni wa nyanya yangu, alikuwa mtu wa kanisa sana.

Mvinyo wa waridi ni maji ya pipi. Lakini wakati kila mtu alikuwa anang'oa Zinfandel yake, hayo maji ya pipi ndiyo yaliyotununulia muda, kwa hiyo nikikutana nayo ninavua kofia.

Mavuno mazuri ni ya 1974. Mabaya unayajua. Swali la nane nitalifikiria.

La tisa: sikuwepo, Norma. Nilikuwa nje kwenye lori. Nilimwambia hivyo mtu wa serikali wakati ule, na wewe nakwambia hivyohivyo. Mwache baba yako apumzike. Nisalimie Ines.

Remo Gualdoni


Petaluma, 27 Agosti 1996

Mzee Remo,

Mama alicheka mpaka nikaogopa moyo wake. Anasema kofia yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Majibu yako ni mazuri na yataingia karibu yote, padri pia. Lakini naona sikukueleza vizuri swali la tisa, kwa hiyo nalieleza tena.

Siku ile ilikuwa tarehe kumi na moja Oktoba, siku yao ya ndoa, mwaka wa kumi na mbili. Kila siku mama alikuwa akimtilia baba nusu chupa ya mvinyo kwenye ndoo ya chakula, kama wake wote wa bondeni walivyofanya. Siku ile alimtilia chupa nzima. Jioni ndoo ililetwa nyumbani. Mkate ulikuwemo haujamegwa, soseji na jibini vilikuwemo. Chupa haikuwemo. Watu walikuwa wameshaanza kusema kwamba Tullio alilewa, ndiyo maana aliingia tangini bila kushusha mshumaa wa kupima hewa. Mama akaitazama ile ndoo, akaamini. Kwake, mume wake alikunywa chupa nzima asubuhi, tumbo tupu, na aliyempa chupa ni yeye.

Hajaonja mvinyo tangu siku hiyo. Nimekulia katika nyumba ya Waitalia ambayo mezani kuna maji. Majirani walidhani tumeokoka.

Sikuulizi ulikuwa wapi saa ile. Asubuhi mlikuwa pamoja, ulimwona. Alikuwa amelewa au hakulewa? Neno moja linatosha.

Norma


Petaluma, 19 Septemba 1996

Mzee Remo,

Wiki tatu zimepita. Najua mavuno yameanza, najua pia kuwa neno moja halichukui wiki tatu.

Mama alilazwa siku mbili, amerudi. Jumapili alinishika mkono, akaniambia, "Norma, nilimuua kwa mapenzi." Alisema taratibu tu, akiwa anamenya pea. Kila mara ninamjibu kwamba sivyo, naye kila mara ananiuliza nimejuaje.

Norma


Dry Creek, 24 Septemba 1996

Norma,

Mtu haandikiwi barua wakati wa mavuno. Mikono yangu imeganda utomvu wa zabibu, na kalamu inaniteleza.

Sasa hivi ni saa sita mchana. Wote wako kwenye meza ndefu uani, nasikia sahani, nasikia Gino anavyojisifu. Mimi siketi nao. Wageni wanadhani ni maringo ya uzee. Siku za mavuno ninatoka saa tano na nusu, natembea kwenye mizabibu mpaka watu warudi kazini, na leo nimekaa hapa nikuandikie kwa sababu miguu imekataa.

Nitakwambia jambo, usiliweke kijitabuni. Tangi namba tatu halijajazwa tangu mwaka ule. Ni la mbao nyekundu, na mbao zisipolowa zinakauka na kulia, kila fundi anajua. Lakini hizi hulia saa sita, wakati wa mavuno tu, na hazilii kama mbao. Ni beleshi linakwangua. Mara tatu, halafu kimya. Gino hasikii. Nilimleta akasimama pale, nikamwuliza, akanitazama kwa huruma kama naomba kubebwa.

Mwambie Ines aache kujitesa. Chupa moja ilikuwa mzaha kwa Tullio. Angekunywa ile yenye uzi mwekundu shingoni na nyingine mbili juu yake, bado angetembea juu ya ukuta na kuimba. Mwambie hivyo, mwambie nimesema mimi. Halafu tuache.

Remo


Petaluma, 28 Septemba 1996

Mzee Remo,

Nilimsomea mama barua yako tukiwa jikoni. Nilipofika kwenye uzi mwekundu aliniinulia mkono. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Mimi sikujua habari ya uzi wowote. Tazama barua zangu, hakuna mahali nilipoutaja. Mama anasema aliuchomoa kwenye sweta yangu iliyokuwa imefumuka, akaufunga kwenye shingo ya chupa baba akiwa tayari yuko mlangoni, kwa ajili ya siku yao. Baba alicheka, akaiweka chupa ndani ya ndoo, akafunika. Anasema baba hakuwahi kufunua ndoo kabla ya saa sita. Ilikaa kwenye msumari wake, na hata mkono wake mwenyewe aliukataza kuigusa.

Uzi ule uliwahi kuwapo siku moja tu. Uliuona wapi, na wewe ulikuwa nje kwenye lori?

Tangu jana mama habanduki mlangoni. Ameweka kiti chake kikitazama sanduku la barua.

Norma


Dry Creek, 9 Oktoba 1996

Norma,

Nimeanza barua hii mara tano. Gino ananiuliza kwa nini jiko lina majivu ya karatasi.

Baba yako hakuwa amelewa. Hakuwa ameonja hata tone. Nilianza na hilo kila mara, na kila mara nikachana, kwa sababu baada ya hilo lazima yafuate mengine.

Siku ile mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima tangu asubuhi. Unajua mvua inavyoifanya Zinfandel, ngozi nyembamba, vichala vimebanana, siku mbili tu vimeoza. Nilikuwa na lori limejaa zabibu uani na sina tangi la kuzitia. Tangi namba tatu tulikuwa tumelitoa mvinyo siku iliyotangulia, yalibaki makapi ya kutolewa kwa beleshi. Nikamwambia Tullio aingie.

Tullio aliweka sikio kwenye mbao. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka nikakasirika. Akasema, "Bado inanong'ona, Remo. Tuiache mpaka kesho."

Nikamwambia kesho ni mvua. Akasema, "Mwaka huu punje kavu ni nyingi, chini kunachemka." Nikamwuliza, "Wewe umeoa mke au umeoa woga?" Akacheka. Akaniambia nisimtukanie mke, leo ni siku yake ya ndoa.

Basi nikaleta mshumaa. Tulikuwa tunaufunga ndani ya kopo na kuushusha kwa kamba. Ukizimika, huingii. Kamba yetu ilikuwa ya futi kumi, lakini asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa nimekata kipande kikubwa kufungia mlango wa nyuma wa lori. Zilibaki futi nne. Tangi lina futi nane. Nilijua kamba ni fupi, Norma. Nataka ujue kwamba nilijua. Nilishusha mshumaa, ukawaka vizuri katikati ya tangi, na hewa mbaya inayotolewa na makapi yanayochemka inalala chini kule mtu anakoinama. Tullio alikuwa upande wa pili anachukua ngazi, hakuiona kamba. Aliuona mwanga tu.

Nikamwambia, "Unawaka, ingia."

Alisikia kwa sikio lake kwamba haifai, akaingia kwa sababu nilisema mimi. Beleshi lilikwangua mara tatu. Halafu kimya. Nikadhani anapumzika. Nikainama juu ya tundu, nikamwambia, "Bwana harusi, umelala?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoambiwa duniani, kama aliyasikia.

Nilipiga kelele, watu wakaja, wakamtoa kwa kulabu na kamba. Wengine wakakimbilia daktari, wengine wakakimbilia padri, na mimi nikabaki naye peke yangu, labda dakika kumi. Ndoo yake ilikuwa kwenye msumari. Niliifunua. Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni, uzi mwekundu, kizibo cha gunzi. Nikafikiri: wakiikuta chupa imejaa, watauliza kwa nini mtu mzima na akili zake, mzoefu kuliko wote, aliingia mle. Wataulizia mshumaa. Wataulizia kamba. Chupa isipokuwepo, watajijibu wenyewe. Nikaichukua, nikatia kamba mfukoni. Mtu wa serikali alipokuja nilimwambia nilikuwa kwenye lori. Neno kwamba alilewa sikulisema mimi. Lilisemwa na wengine mbele yangu, nami nikatazama chini, wakaona ninamsitiri.

Sikujua kuhusu Ines. Nakuapia. Nilidhani nimelichafua jina la marehemu peke yake, na nikajiambia marehemu hana kazi na jina. Sikuwahi kufikiri kwamba ndoo itarudi nyumbani na mkewe ataifunua. Nimekuwa na miaka thelathini na mitano ya kufikiri, na sikulifikiri hilo.

Chupa ninayo. Niliuyeyusha mshumaa uleule nikaiziba kwa nta yake, nikaificha nyuma ya tangi. Mwaka uliofuata nikachapisha mshumaa kwenye chupa zangu zote. Nyanya yangu hakuwa mtu wa kanisa. Nilitaka kusema bila kusema, na watu wakapenda picha.

Ulinitumia swali la nane: ningebadilisha nini? Nimelifikiria. Ningeacha zile zabibu zioze kwenye lori.

Remo


Petaluma, 14 Oktoba 1996

Remo Gualdoni,

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja. Sijui kama ulikusudia.

Nilimsomea mama yote. Nilitaka kuruka ile sehemu ya bwana harusi, akaona macho yangu yamesita, akaniambia nisome. Akaniomba nirudie sehemu moja tu, ile ya chupa kujaa hadi shingoni. Nimeirudia mara nne tangu siku hiyo. Kuhusu wewe hajauliza chochote. Hajakulaani, nami ningependa angekulaani, ningejua nisimame wapi.

Kwa hiyo nasema mimi. Nilikuwa nikikimbia kutoka shuleni kwa sababu watoto walikuwa wakijifanya walevi nikipita, wanayumba na kuangukia kwenye ndoo za maji. Mmoja alikuwa binamu yangu mwenyewe. Tulihama kwa ajili hiyo. Wewe ulikuja kutusaidia kupakia vitu, ulibeba kitanda changu mgongoni, nikakuita mjomba, nikalia shingoni mwako.

Swali la tisa litachapishwa, na jibu litachapishwa kwa maneno yako. Kama hutaki, niandikie kwamba hutaki, na hiyo barua nitaichapisha pia.

Mama anataka chupa yake. Mtume mtu ailete. Usije mwenyewe.

Norma Salvetti


Dry Creek, 18 Oktoba 1996

Norma,

Gino ndiye anayeleta boksi hili. Anajua kilichomo. Kamba nayo imo, ipimeni.

Chapisha yote. Usipunguze.

Jana saa sita niliketi kwenye meza ndefu kwa mara ya kwanza. Wakanipigia makofi, maskini, wakadhani mzee amechangamka. Nikasimama nikawaambia, kuanzia mawingu mpaka ndoo. Wengi ni vijana, hawakumjua Tullio. Lakini wazee wawili walikuwepo siku ile, na mmoja wao ndiye aliyesema kwanza kwamba alikuwa amelewa. Aliweka uma wake chini, akatoka, akaenda kukaa ndani ya gari lake. Mpishi aliendelea kupakua sima ya mahindi kwenye sahani ambazo hazikuwa na mtu wa kuzila, hakujua afanye nini na mwiko.

Nilidhani nikishasema, tangi litanyamaza. Leo mchana nilikwenda kusimama pale. Limekwangua mara tatu, na kimya kilichofuata kilikuwa kilekile. Naona halikuwa likingoja maneno yangu.

Simwombi Ines kitu.

Remo


Petaluma, 27 Oktoba 1996

Remo,

Norma anataka kuniandikia, nimemwambia mkono wangu bado unashika kalamu. Kijana wako Gino ana adabu. Alishika boksi kwa mikono miwili na hakuketi mpaka nilipomwambia.

Uzi ni wangu. Umefifia, lakini fundo ni langu, mimi hufunga mara mbili na kukunja ncha. Gunzi ni langu pia, nililichonga kwa kisu cha viazi, upande mmoja nililipunguza kupita kiasi, na bado limepungua vilevile. Niliipakata chupa mapajani siku nzima. Ilikuwa imejaa, Remo. Imeshuka kidole kimoja tu. Nimeishi na chupa tupu miaka yote hii, nikiifikiria nikiamka, na ilikuwa imejaa.

Norma alitaka tuitunze vivi hivi, ionyeshwe watu. Nikamwambia hiki ni chakula cha mume wangu, hakiwekwi kabatini. Nilivunja nta nikaifungua. Imekuwa siki, kali, ya kufumba macho. Nikatuma mtu aniletee majani ya mchunga, nikakata kitunguu, nikatia chumvi, nikaimimina. Tumekula mimi na Norma, na mkate. Iliyobaki naitia kidogokidogo kila siku. Itaisha kabla yangu au baada yangu, tutaona.

Kuhusu kamba, sikuipima. Nilikaa na wewe kwenye maziko, nikakupa leso yangu, sihitaji futi.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Hujauliza, lakini nakujua. Bado. Siku nyingine naamka nikiwa na huruma, kabla ya kahawa, halafu nakunywa kahawa. Kama una haraka, mimi ndiye niliyebakiwa na siku chache, kwa hiyo usiniharakishe. Lile tangi lijaze zabibu au lichome moto. Tullio hakupenda chombo kikae bure.

Jana nilimtuma Norma dukani akanunue mvinyo, nikamwambia usiwe wenye mshumaa. Alileta Zinfandel ya watu nisiowajua. Nikapanga meza mchana, nikamimina glasi, nikaijaza, nikamega mkate. Nilimaliza yote. Glasi nzima, Remo, na mkate, na hakuna aliyekufa.

Ines Salvetti